Papa wa Roma na Papa wa Bungoma

Jumatatu, 6 Oktoba

Na kama nilikuwa nasema kabla Nasike anikatize, hiyo sofa jirani yangu Gathoni hakununua. Alipewa na dada yake, na hicho kitambaa ameweka juu ni ya kuficha mahali panya ilikula. Nilikuwa nimefika hapo kwa panya ndio mtoto akasimama, akaenda kwa begi yake, akanipea hii daftari na kalamu. Akasema, "Senge, nakupenda, lakini nikiandika sentensi moja wewe umeniongelea hamsini. Andika hapa. Yote yenye unataka kuniambia, weka hapa."

Sasa ndio hii naweka. Shule niliacha darasa la tano, kwa hivyo mwenye atasoma avumilie.

Nasike ni mtoto ya kaka yangu Wepukhulu wa Bungoma, ndio ananiita senge, shangazi. Amekuja kwangu hapa Kibomet akae mpaka mavuno iishe, ati kwao kuna kelele na ako na kitabu kubwa ya chuo kikuu anamaliza. Amekuja kwangu kutafuta kimya. Nilicheka mpaka uji ya wateja, ile nauza na mandazi, ikafurika.

Nilimuuliza hiyo kitabu ni ya nini. Akasema ni siasa ndani ya mashairi ya Italia ya zamani. Nikamwambia mimi najua Italia ni mpira. Akasema, "Hata mashairi, senge." Akimaliza, Januari anaenda huko huko Italia kuendelea. Wamemkubali, tikiti iko. Na baba yake amekubali, na hiyo ndio ilikuwa kubwa, kwa sababu Nasike alisema yeye hawezi kupanda ndege kama baba yake hajamwekea mkono kwa kichwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua tena. Mahindi yangu imekatwa na kusimamishwa huko shamba na inanyeshewa kama ng'ombe ya mlevi. Nimeuza mandazi kidogo, vibarua wamejificha.

Jumanne, 14 Oktoba

Leo mvua ilitufungia ndani, nikamwambia Nasike basi nisomee hiyo maneno yako, nitanyamaza. Akanisomea kwa Kiitalia. Ni kama mtu anaongea na mdomo imejaa viazi moto, lakini tamu. Halafu akanieleza.

Ati kulikuwa na mzee, jina yake siwezi kuandika, mimi namwita Mzee wa Italia. Mji wao iligawanyika vyama viwili. Nikasema hata chama yetu ya wamama iligawanyika, upande moja ikabaki na sufuria, ingine ikabaki na viti, na mpaka leo ukiwa na matanga unapika kwa huyu na unakalia kwa yule. Nasike akacheka akaandika hiyo pembeni ya karatasi yake. Basi upande ingine ikashinda, ikamfukuza mzee asirudi. Sasa yeye anatembea miji ya watu, hasira yote anaweka kwa mashairi. Anawataja. Wakubwa wote, kwa jina.

"Na hasira yake kubwa," Nasike akasema, "ilikuwa na Papa. Papa alitaka ashike fimbo ya kanisa na fimbo ya utawala, zote mbili, mkono moja. Mzee anasema hiyo ndio iliharibu nyumba. Hiyo ndio kitabu yangu yote, senge. Kwamba Papa asishike fimbo mbili."

Mimi nikashika kifua.

Sababu niseme. Sisi kwetu papa ni baba. Ukisema papa ni yule alikuzaa. Na huyu baba ya Nasike, kaka yangu, ni mzee wa kijiji, chifu akitaka kitu anapigia yeye, na pia ndio karani wa kanisa yetu ya Friends. Asubuhi anatatua kesi ya mipaka, jioni anasoma matangazo. Watu wananung'unika miaka mingi, lakini chini chini. Sasa mtoto yake mwenyewe amesoma mpaka huko juu ndio aandike kitabu mzima ya kumsema, na amejificha nyuma ya mzee wa Italia ndio isionekane.

Nilimwangalia vile amekaa na miwani yake. Mpole. Nikasema kwa roho, kumbe ndio huyu.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimekaa na hiyo maneno siku mzima. Sijaambia mtu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeambia Gathoni tu. Nilimwambia kwa ufupi, ati mtoto anaandika kitabu ya kumpinga baba yake. Akasema, "Ngai, watoto wa siku hizi," na akaniongezea chai.

Ijumaa, 17 Oktoba

Gathoni na Sellah tu, Sellah kwa simu, na yeye nilimweleza mpaka fimbo mbili. Sellah ni bibi ya kaka yangu, mama ya Nasike, kwa hivyo huyo si mtu wa nje.

Jumatatu, 20 Oktoba

Jua. Kibomet mzima imetandaza turubai, hata kwa barabara. Pikipiki zinapita pembeni kwa heshima ya mahindi. Ni sikukuu na hakuna mtu amekaa.

Jumatano, 22 Oktoba

Wacha niandike pole pole kwa sababu sijui kama ni ya kucheka ama ni ya nini.

Asubuhi Wepukhulu amepiga simu. Hakusalimia. Mtu mwenye husalimia mpaka kuku yangu.

"Nasike ako hapo?"

"Ako kaka, anaandika."

"Najua anaandika. Mwambie amalize vizuri. Halafu mwambie ile safari haiko. Mimi sina mkono ya kuwekelea mtu mwenye anasema siwezi kutawala nyumba."

"Kaka, kwani nani amesema..."

"Phelista, jana kwa baraza, Wakoli amesimama mbele ya chifu." Wakoli ni yule anataka hiyo kazi ya mzee wa kijiji tangu zamani. "Amesimama akasema, hata mtoto wa Wepukhulu amesoma chuo kikuu akaona fimbo mbili ni nyingi kwa mtu moja. Na watu wakapiga makofi. Makofi, Phelista."

Akakata.

Nikamwambia Nasike. Yeye akatoa miwani, akauliza, "Fimbo mbili? Nani aliwaambia juu ya fimbo mbili?" Nikaanza kuangalia sufuria. Hapo ndio Gathoni akaingia kuomba chumvi, na vile yeye hapendi kukosa, akasema, "Mama Phelista, ni ile maneno ya huyu kumpinga papa yake?"

Nasike akasema, "Papa yangu? Papa gani? Ni Papa wa Roma."

Gathoni akaweka mkono kwa kiuno. Gathoni ni Mkatoliki, ako na picha ya Papa wa Roma kwa ukuta, juu ya hiyo sofa. "Unaandika vibaya juu ya Baba Mtakatifu?"

"Wa zamani, mama. Wa miaka mia saba iliyopita."

"Ah. Huyo sikumjua."

Nasike akanigeukia. "Senge. Ulielewa Papa ni nani?"

Nikamwambia ukweli, ati nilielewa ni Wepukhulu. Mtoto akaanza kucheka. Alicheka akakaa chini kwa mahindi, akasema, "Wepukhulu amekaa Roma," akacheka tena, na mimi nikaanza, na Gathoni akaanza, tukalia machozi watu watatu. Halafu nikaona machozi ya Nasike haijakauka. Bado inatoka na kicheko imeisha. Akasema, "Senge, watu walipiga makofi. Papa alisimama hapo akisikia makofi."

Siandiki tena. Naenda kuanua mahindi, mvua inakuja.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimempigia kaka, nimemweleza yote. Papa wa Roma, si papa wa Bungoma. Kosa ni ya sikio yangu, mtoto hana hatia. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Papa ni papa. Mwenye anaandika kupinga huyo leo ataandika kupinga huyu kesho. Na mashairi ni ya watoto wa shule."

Ni aibu hiyo inaongea. Namjua, tumelala mkeka moja. Makofi ikiingia kwa sikio haitoki na simu.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua. Nasike hajafungua kompyuta.

Jumamosi, 1 Novemba

Sasa nyumba iko na ile kimya alikuja kutafuta na hafanyi nayo kitu. Anapukuchua mahindi kwa mkono mpaka kidole imetoka malengelenge, na mashine ya kupukuchua, ya jirani Kagwe, iko hapo tu nje. Nilimwambia wewe ni mtu mzima, tikiti ni yako, panda ndege uende. Akasema, "Senge, nikienda bila neno yake, nitakuwa nimefukuzwa kama yule mzee. Tofauti ni mimi nitakuwa nimejifukuza."

Na mimi nilikuwa nafikiria huyu ni mtoto wa vitabu tu, roho kavu. Nimejua mtu vibaya.

Jumatano, 5 Novemba

Nimefanya ujanja. Nimemwambia, "Huyo mzee wa Italia alifika wapi? Si alikuwa amekosana na kila mtu?" Akakataa kueleza. Nikasema basi mimi nitamalizia mwenyewe, nafikiri alioa mjane mwenye shamba akatulia. Mtoto hakuvumilia. Akaanza kueleza ndio anirekebishe, na tumeenda mpaka jioni.

Jumamosi, 8 Novemba

Sasa imekuwa desturi. Tunapukuchua, Nasike anasoma, anatafsiri, sisi tunabishana. Gathoni anakuja na kiti yake. Leo mzee alikuwa anawaambia watu wa mji wake ati mnabadilisha sheria kila mara, mwezi huu hivi, mwezi ujao vile, ni kama mgonjwa wa homa anajigeuza kwa kitanda. Gathoni akasema, "Huyo alikuwa anajua serikali ya kaunti?"

Lakini ikifika kwa Papa, yeye anapinga. "Kiongozi wa kanisa akikosa kuongea kwa siasa, nani atawaambia hao wezi?"

Nasike akasema, "Kuongea aongee, mama. Shida ni kutawala. Aseme, lakini asishike."

"Na asiposhika, nani atamsikia?"

Nasike akaacha mahindi. Akafungua kompyuta kwa mara ya kwanza tangu ile siku, akaandika haraka haraka. Gathoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nimesema nini?" Nikamwambia sijui, lakini usirudie, usiharibu.

Jumatatu, 17 Novemba

Jua tena. Magunia yangu imejaa, nimeshona midomo. Nasike anaandika mpaka anasahau kula. Anasema amebakisha mwisho tu. Bungoma hakuna neno. Sellah anasema kaka akipitia picha ya Nasike kwa ukuta anaangalia upande ya dirisha.

Alhamisi, 27 Novemba

Mzee Wakhungu amefariki, huko kwetu Bungoma. Alikuwa mzee kabisa, wa kuzikwa kwa heshima yote. Lazima twende, mimi na Nasike. Mtoto amesema, "Nitakaa wapi, senge?" Nikasema utakaa kando yangu.

Ijumaa, 5 Desemba, Bungoma

Tumezika vizuri. Wepukhulu alikuwa anaongoza kila kitu, huku anapanga wazee wa serikali, huku anapanga kwaya. Nasike alimsalimia, "Mulembe, Papa." Akajibu, "Mulembe," kama mtu analipia risiti. Basi.

Jumamosi, 6 Desemba, Bungoma

Leo ilikuwa kumuse. Naeleza kwa mwenye si wa kwetu. Mzee mkubwa akishazikwa, siku inatengwa, watu wanakaa kwa uwanja, wanaume yao na wanawake yao, na mtu moja mwenye amepewa hiyo kazi anasimama katikati na fimbo. Anatembea huku na huku akiongea. Anaanza na vile ukoo ilitoka mbali, nani alizaa nani, halafu anakuja kwa walio hai, anakemea. Hakuna mtu analazimishwa kukaa kimya, mwenyewe unakaa. Huwezi kusimama, huwezi kupita mbele yake, huwezi kuongea.

Huwezi kuongea. Na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya bibi ya Wakoli, mwenye alikuwa amevaa wigi upande. Mungu aliona mateso yangu.

Lakini kwa sababu nilinyamaza, nilisikia. Sidhani nimewahi kusikia kumuse mzima tangu nizaliwe, kila mara nilikuwa nanong'ona. Huyo mzee alitembea akiongea kwa Kibukusu ile ya ndani, maneno inaenda na hatua, inarudi, inaenda. Akasema wenye wameuza ardhi ya mayatima. Akasema wachungaji wenye wanabariki mwenye gari kubwa kwanza. Hakutaja kwa kujificha. Halafu akafika pale wazee wamekaa, akasimama, akasema:

"Na wewe mwenye unakaa na serikali asubuhi, na jioni unakaa na Mungu. Umekuwa mtu wa kila kiti. Watoto wako wanakaa na nani?"

Uwanja mzima ilikuwa inaangalia chini. Mimi niliangalia kaka yangu. Hakuna mtu alipiga makofi. Hapo hakuna makofi, hiyo ndio tofauti na baraza. Wepukhulu aliinama kichwa kidogo, kama mtu anapokea maji ya kunawa. Hakukasirika. Kwa kumuse mtu hakasiriki, maneno si ya yule anaongea, ni ya wote.

Nasike alinishika mkono akafinya mpaka pete ikaniumiza. Akaninong'oneza, yeye, mwenye adabu, "Senge. Ni yeye, mzee wangu wa Italia." Na mimi, Phelista, nikamwambia mtu anyamaze.

Sasa ilivyokwisha tukarudi kwa boma ya kaka. Jua bado iko. Wazee watatu wamekaa naye chini ya paa ya ghala, Sellah anapeleka chai. Mimi mdomo ilikuwa imejaa tangu asubuhi, nikafungua.

"Kaka, huyo mzee wa leo, ndio huyo mtoto anasomea. Mwenye anatembea anakemea wakubwa. Ni kumuse ya Italia. Hakuna mashairi ya shule hapo. Na si mimi nimesema, ni yeye alinifinya."

Wepukhulu akageukia wazee. Mzee Bethwel, yule mkubwa wao, akasema, "Basi aimbe tusikie."

Nasike akasimama. Akarekebisha miwani. Akasema moja ndefu, kwa Kiitalia, na sijui kama alijua lakini alianza kutembea. Huku, na huku. Watoto wakaacha kucheza. Alipomaliza, mzee Bethwel akasema, "Sijasikia neno hata moja, lakini mtu amekemewa hapo vibaya sana."

"Nani?" kaka akauliza. Ilikuwa neno ya kwanza amemwambia tangu ile salamu.

"Papa," Nasike akasema, na akaongeza haraka, "wa Roma."

Wazee wakacheka. Kaka alijaribu kukaza uso, ikakataa upande moja. Akauliza, "Alikuwa wa ukoo gani, huyo mtu?"

Nasike akaeleza, ukoo, mji, vyama, vile alifukuzwa.

"Na baadaye walimrudisha."

"Hapana, Papa. Hakurudi."

"Mpaka uzee?"

"Mpaka akafa. Alizikwa huko huko ugenini. Mji wao walikuja kujuta, lakini hata leo hayuko kwao."

Hapo mambo ikabadilika. Mimi naandika kama nilivyoona. Wazee wale watatu waliweka vikombe chini pamoja. Kuzikwa ugenini, kwetu sisi, hiyo si maneno ya chai.

"Hakuzikwa kwake," mzee Bethwel akasema.

"Hakuzikwa kwake, kuka," Nasike akajibu; kuka ni babu.

"Na walimkalia kumuse? Kuna mtu alisimama akasema alikotoka?"

Nasike akasema, "Watu wameandika vitabu mingi."

"Sijauliza vitabu."

"Kama hivi yetu, hapana."

Sellah akasimama na birika yake akasema, "Miaka mia saba hakuna mtu wa kwetu amempelekea pole."

Kaka alimwangalia Sellah. Halafu akamwambia mtoto asogee. Akamwambia, "Mimi fimbo zangu ni mbili, na bado nitazishika mpaka wanipokonye. Hiyo uandike hivyo hivyo. Baba yako alikataa kuachilia, na ulimwambia."

"Sijakuambia, Papa."

"Basi niambie."

Nasike akamwangalia. Akasema kwa sauti ya chini lakini sote tulisikia, "Papa, achilia moja."

"Nimekataa," akasema, na alikuwa anatabasamu. "Sasa piga magoti. Mtu hawezi kwenda kilio mbali hivyo bila kuombewa. Uende ufike kwa kaburi yake. Umwambie ni wa kina Wepukhulu wamekutuma, na wanasema pole kwa vile alifukuzwa."

Akaweka mkono kwa kichwa yake. Mikono yote mbili. Nasike alilia mpaka miwani ikaanguka kwa kikombe ya mzee Bethwel.

Jumapili, 7 Desemba, Bungoma

Kanisani Wepukhulu amesoma matangazo, na ya mwisho ilikuwa ya kwake: ati familia yake inatuma mjumbe Italia kwa rambirambi, mwenye yuko na mchango wa maombi asimame. Watu wamesimama bila kujua nani amekufa. Wakoli amesimama pia, na uso ya huzuni kabisa. Baadaye alinifuata kuniuliza marehemu alikuwa nani yetu, na mimi nikaanza kumweleza kwamba kwanza kulikuwa na mji na vyama viwili, na upande wa...

Kaka ananiita huko nje. Ameshika jogoo kwa miguu, anauliza kama ndege inakubali jogoo, na hawa watu wa Italia ukiwaendea kilio bila kitu kwa mkono wanakuchukuliaje, na Nasike anasema haikubali, na Sellah anasema basi unga. Amesema niache kuandika nije saa hii, mimi ndio najua Italia...